Marimba ya oktavu 5, ya oktavu 4.3 au vibrafoni: ninunue ipi kwanza?

KijanaMgongaji: Ndugu wanajukwaa, nimemaliza masomo ya ala za kugongwa, nimeanza kualikwa kupiga jukwaani na nina wanafunzi kadhaa. Akiba yangu inatosha ala moja kubwa tu, nami nasita kati ya hizo tatu: marimba, yenye vibao vya mbao, ya ukubwa wa aina mbili (oktavu ni kipimo cha upana wa noti zake), na vibrafoni, yenye vibao vya chuma. Naombeni ushauri kabla sijalipa.

MwalimuMkongwe: Mdogo wangu, umeacha mambo ya msingi. Wanafunzi wako wana umri gani, chumba chako kina ukubwa gani, na ala hiyo itatulia mahali pamoja au itahamishwa kila wiki? Marimba ya oktavu 5 ina urefu wa takriban mita 2 na nusu, na kuifungua na kuiunga upya ni kazi ya kuchosha kabla hata hujapiga noti moja.

PedaliNaMota: Nunua vibrafoni. Ina oktavu 3 tu, vibao vyake vya alumini havisumbuliwi na unyevu, na pedali yake (kikanyagio cha mguu kinachoacha mlio uendelee au kuukatisha) humfundisha mwanafunzi kuamua mlio ukome wapi, jambo ambalo marimba haimdai kwa kiasi hicho kwa sababu sauti ya mbao hufifia yenyewe upesi. Bendi za jazi nazo zitakuhitaji.

SautiYaMbao: Siafiki. Marimba ya oktavu 5 hushuka hadi Do ileile iliyo ya chini kabisa kwenye selo (ala kubwa ya nyuzi ya jamii ya fidla), kwa hiyo tungo za selo hupigika bila kuhamisha noti, ilhali ya oktavu 4.3 huishia La iliyo juu yake. Ila usiiache mikononi mwa watu usiowajua. Kituo kimoja nilichofundisha kiliniomba niiache marimba yangu ukumbini, kikaahidi kuifunga. Niliporudi nilikuta watoto wameipiga kwa fimbo ngumu za plastiki zinazofaa zailofoni, ala ya vibao vya mbao yenye sauti ya juu na kali. Vibao vya juu vilikuwa na vishimo vidogo katikati, pale hasa fimbo inapotua, na kimoja kilikuwa na ufa kwenye tundu la kamba, kikigongwa kinatoa sauti kavu isiyo na mwangwi. Fundi alikibadilisha, lakini kibao kipya hakikuwahi kulingana na jirani zake, na kituo hakikuchangia chochote.

MwalimuMkongwe: Ndiyo maana kwa kufundishia napendekeza vibao vya sintetiki, ambavyo havibadiliki sana kwa joto na unyevu.

SautiYaMbao: Sauti ya vibao vya sintetiki ni kali mno kwa onyesho la peke yako. Halafu ulizia imesawazishwa kwa La ya mitetemo 440 au 442 kwa sekunde, maana marimba nyingi ni 442 na piano nyingi ni 440.

PedaliNaMota: Tofauti hiyo ni ndogo, wasikilizaji wengi hawaitambui.

SautiYaMbao: Anayepiga noti ndefu pamoja na piano huitambua.

FimboNne: Tusisahau kwamba majaribio ya kuingia okestra hutegemea zaidi sneri (ngoma ndogo yenye mlio wa kukwaruza), timpani (ngoma kubwa zinazosawazishwa kwa noti) na zailofoni. Kijana, unaitaka okestra au unataka kupiga peke yako?

KijanaMgongaji: Asanteni sana. Wanafunzi wana miaka 8 hadi 12, chumba ni kidogo, na maonyesho yangu mengi ni ya peke yangu, kwa fimbo nne. Okestra bado naifikiria.

MwalimuMkongwe: Basi pima kwanza mlango wa chumba, kisha utuletee vipimo.

PedaliNaMota: Vibrafoni itapita.