Akaunti imezuiwa kwa deni la kodi: nilipe kwa awamu au niweke pingamizi?

MamaVitenge: Wakuu, heshima kwenu. Nina duka la vitenge hapa Mwanza. Jumatatu nilikwenda benki kutoa pesa ya mzigo, nikaambiwa akaunti imezuiwa kwa barua ya ofisi ya kodi. Deni ni milioni 18.6, bado riba. Wamechukua pesa yote iliyopita kwenye akaunti mwaka ule, milioni 121, wakaihesabu kuwa mauzo. Mimi hulipa kodi ya makadirio, ile ya wafanyabiashara wadogo inayopigwa kwa mauzo, kila robo na risiti ninazo. Ndani kuna milioni 7.4 na siwezi kuzigusa. Kuna anayeniambia niombe awamu yaishe, mwingine anasema niweke pingamizi. Mlioyapitia, nishike lipi?

Kibo77: Pole sana dada. Mimi nilichagua awamu. Niliandika barua nikaambatisha mpango wa miezi sita, wakakubali. Baada ya kulipa ya kwanza zuio likaondolewa, ingawa benki ilikaa siku nne kabla ya kufungua. Duka likapona. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba nililipa deni ambalo nusu yake halikuwa langu.

MkaguziMstaafu: Dada, kabla ya kuchagua, tafuta tarehe uliyopokea barua ya makadirio yenyewe, ile ya ofisi ya kodi iliyokupigia hilo deni; ya benki ni nyingine. Pingamizi lina siku 30 tangu upokee uamuzi, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015. Ukiona utachelewa, itabidi uombe kuongezewa muda, na hapo uwe na sababu nzito, kama kuumwa au kuwa nje ya nchi. Benki nako uombe nakala ya barua waliyopokea. Ikiwa inawaagiza wahamishe fedha kulipia deni, hizo milioni 7.4 zinaweza kuondoka huku bado unatafuta ushauri.

MamaVitenge: Shikamoo mzee. Barua ya makadirio nimeipata, nina siku ya 12.

MkaguziMstaafu: Marahaba. Basi una nafasi. Ugumu wa pingamizi ni amana: unatakiwa kulipa theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, au kiasi usichokibishania, kile kilicho kikubwa. Kwako ni milioni 6.2. Usipolipa, pingamizi halipokelewi. Lakini sheria inakuruhusu kuomba amana ipunguzwe au usamehewe ukiwa na sababu za msingi, na duka lililokosa mtaji kwa sababu ya zuio lenyewe ni sababu ya kuandika. Barua hiyo ipeleke mapema.

Neema_Hesabu: Mimi napiga kura ya pingamizi, ila tuangalie namba. Dada, kwenye hizo milioni 121, kuna pesa isiyo ya mauzo?

MamaVitenge: Ipo. Mimi ni mweka hazina wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, milioni 14 za kikundi zilipitia kwangu. Na mkopo wa benki wa milioni 10.

Neema_Hesabu: Hapo ndipo kesi yako ilipo! Ukitoa 24 inabaki 97. Chini ya milioni 100 mfanyabiashara binafsi anabaki kwenye kodi ya makadirio: asilimia 3.5 ya 97 ni kama milioni 3.4, na humo unatoa ulizokwisha kulipa. Ukivuka 100 ndipo unatoka kwenye makadirio na kudaiwa hesabu kamili. Chukua taarifa ya benki ya mwaka mzima na kalamu, kila ingizo uandike limetoka wapi. Daftari la kikundi na mkataba wa mkopo uambatishe. Usiende mikono mitupu ukasema tu "si mauzo".

Kibo77: Neema kasema kweli, mimi sikuwa na daftari. Na dada, usikope kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, kulipia amana, tafadhali. Jirani yangu alifanya hivyo, sasa anadaiwa kote kuwili.

JuaKali_Tz: Vipi kuhusu Msuluhishi wa Malalamiko ya Kodi? Huduma ni bure.

MkaguziMstaafu: Huyo anashughulikia utaratibu na namna ulivyohudumiwa. Kiasi cha kodi hakigusi. Pingamizi likikataliwa, kinachofuata ni Bodi ya Rufani za Kodi, nako ni siku 30 za kutoa taarifa ya kusudio.

MamaVitenge: Asanteni sana. Taarifa ya benki nimeshaiomba, katibu wa kikundi analeta daftari jioni. Barua ya kuomba amana ipunguzwe naiandika usiku huu. Neema, naomba uipitie kesho kabla sijaipeleka.

Neema_Hesabu: Nitumie inbox. Saa mbili asubuhi nitakuwa nimeshaisoma.