Naomba ushauri: paa la mabati na kimbunga

Wakuu, habari za majukumu. Nakaa Kigamboni, si mbali na bahari, na bi mkubwa wangu, yaani mama, ambaye anatembelea fimbo. Tangu Kimbunga Hidaya cha Mei 2024, kilichopiga Mafia hadi boti za Zanzibar zikasimama, kila TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) ikitangaza upepo mkali nakosa usingizi. Kimbunga Jobo mwaka 2021 kilififia baharini, watu wakacheka. Mimi sicheki.

Shida yangu ni paa. Kenchi (fremu za mbao zinazobeba mabati) zimekaa juu ya tofali, zimeshikwa na misumari tu, na upande wa baraza mabati yamechomoza, upepo ukiingia chini unayanyanyua yanagonga. Fundi mmoja anasema kenchi tuzifunge kwa nondo hadi kwenye lenta (mkanda wa zege ukutani). Mwingine anataka kuongeza misumari, eti inatosha (ya bei rahisi ndiyo huwa inatosha siku zote!). Nani yuko sahihi?

Halafu kuna mwembe umeinamia chumba cha mama. Nikate matawi au niung'oe kabisa? Na tahadhari ikitoka, nimhamishe kwa dada Mbezi mapema, au chumba cha kati kisicho na dirisha kinatosha?