Naomba ushauri: huu msuli wa unyayo mnaupimaje?

Habari zenu wakuu. Nasomea fiziotherapia, na tabaka la pili la misuli ya unyayo linanitoa jasho. Hasa msuli uitwao kwadratusi planta: unaanzia kwenye mfupa wa kisigino kwa vichwa viwili, halafu, badala ya kushika mfupa wa kidole, unajishikiza kwenye kano ya ule msuli mrefu unaokunja vidole. Hapo naelewa: kano hiyo inatokea upande wa ndani wa kifundo, inavuta mshazari, na huu unainyoosha. Shida ni kwa vitendo. Nikimwambia mtu akunje vidole vinne vidogo, misuli yote inavuta kwa pamoja! Mliobobea, mnautengaje huu peke yake? Au hamhangaiki nao kabisa? Mtihani ni wiki ijayo.