Mzee ana kansa ya puru (mwisho wa utumbo mpana), kaandikiwa CT skani na MRI zote mbili, moja haitoshi?

Kijana wa Tabata
Wakuu habari za humu. Mzee wangu ana miaka 61, muda mrefu alikuwa anatoa damu chooni anatibiwa bawasiri, inatulia inarudi. Juzi kati ndo wakampiga kamera ya utumbo wakakuta uvimbe sentimita 7 kutoka mlango wa haja, wakakata kinyama, majibu yakaja kansa. Sasa daktari kaandika CT skani ya kifua, tumbo na nyonga, hapohapo kaandika na MRI ya nyonga. CT bima inalipa, MRI tujichange. Bro mkubwa anasema tunapigwa, nyonga si itaonekana kwenye CT? Na utrasaundi ya tumbo ilitoka safi. Mzee ana sukari pia. Mwenye uelewa anisaidie.

Chuma Chakavu
Pole sana mkuu. Mi naona apigwe kisu fasta, wakishafungua si wataona kila kitu wenyewe, hizo picha zinakula hela na muda tu

Mama Picha
Chuma Chakavu usimpoteze mwenzako. Mi kazi yangu ndo hizo mashine. Kinyama kinasema ni kansa, hakisemi imefika wapi. CT inatafuta kama imeruka kwenda ini au mapafu, damu ya utumbo inapitia ini kabla ya kwenda kwingine ndo maana ini linaangaliwa sana. Ila kwenye puru yenyewe CT haitenganishi vizuri tabaka za ukuta, MRI inatenganisha. Puru imezungukwa na mafuta, na hayo mafuta yana utando wake kwa nje. Uvimbe ukiwa umeugusa ule utando au umebakiza milimita 1 tu, akikatwa leo ugonjwa unaweza kubaki humo nyongani ukaota tena palepale, kwa hiyo mara nyingi wanaanza na mionzi na kemo upungue ndo kisu kifuate. Hilo ndo jibu mnalolipia. Ingekuwa uvimbe uko huko juu kwenye utumbo mpana ningekwambia CT inatosha, kaeni na hela yenu. Utrasaundi sahau, mapafu haioni na vidoa vidogo vya ini vinaipita.

Kuhusu sukari, kama anakunywa metformin (vidonge vya sukari) aseme mapema, na apime kreatinini, kile kipimo cha damu cha figo, kabla ya CT kwa sababu ya ile dawa ya kung'arisha picha wanayochoma mshipani. Ikiingia atasikia joto linashuka mpaka chini kama amejikojolea. Hajajikojolea! Mwambieni kabla, wazee wanaona aibu wanaanza kujitikisa na picha inaharibika.

Dada Salma
Naongezea, mkipewa ripoti msiisome wenyewe grupuni. Ya mama iliandikwa kidoa kwenye ini, tukalia nyumba nzima, shangazi akaanza kupiga simu kijijini. Kupima MRI ya ini kumbe ni kijifuko cha maji tu, watu kibao wanacho na hawajui.

Kijana wa Tabata
Dah asanteni. Kuna mjomba anasema tumpeleke India akapigwe PET skani kabisa, ile ya kusaka kansa mwili mzima, ndo inaona vyote

Mama Picha
PET sio ya kuanzia. Inaitwa pale CT imeacha utata, au baada ya matibabu kipimo cha damu cha CEA kinapanda na hawaoni kinapotokea, au wanataka kukata ini wajue hakuna kwingine. Hiyo nauli wekeni kwenye matibabu.

Kijana wa Tabata
Nimekuelewa dada. La mwisho, mzee ana chuma mguuni chini ya goti, alipata ajali ya bodaboda. Bro anasema MRI ni sumaku, itakivuta

Mama Picha
Vyuma vingi vya mifupa havina shida, kimekazwa na kiko mbali na nyonga, atasikia joto kidogo labda. Nendeni na eksirei ya mguu au karatasi za operesheni muwaoneshe. Kinachotutisha sisi ni betri ya moyo na chembe za chuma kwenye jicho. Mzee alikuwa anafanya kazi gani?

Kijana wa Tabata
Fundi wa kuchomelea mageti, mpaka alipostaafu

Mama Picha
Umeona sasa. Hilo aliseme hata wasipomuuliza, kama aliwahi kuingiwa na cheche jichoni watampiga eksirei ya macho kwanza, ikiwa safi ndo anaingia.