Misheni ya muda mfupi: kujenga, kutibu au kufundisha? Nisaidieni kuchagua

Mgeni Njiani
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kanisa letu linatuma makundi matatu nje ya nchi, na anayetaka kwenda aandikishe jina kabla mwezi haujaisha. Kundi la kwanza ni watu 24, siku 14, wanakwenda kujenga madarasa kwenye kanisa rafiki. La pili ni la tiba, siku 10: madaktari watatu, manesi, na sisi wengine wa kupanga foleni na kuandika majina. La tatu ni watu 6 tu, wiki tatu, kufundisha walimu wa shule ya Jumapili na watunza hazina.

Mimi ni mhasibu. Sijawahi kushika mwiko, na nikiona damu naishiwa nguvu. Hata hivyo moyo unanivuta kwenye ujenzi, maana ukiondoka unaacha kitu kimesimama. Mke wangu kaniuliza swali moja tu: kwa nini nauli ya watu 24 isitumwe huko, wenyeji wakaajiri mafundi wao? Sijapata jibu mpaka leo. Waliokwisha kwenda, mnasemaje?

Fundi Mstaafu
Mkeo kakubana penyewe. Nimekwenda kujenga mara nne, tena mimi ndiyo kazi yangu, kwa hiyo sisemi kwa wivu.

Shida ya kwanza ni zege lenyewe. Zege huhesabiwa limefikia nguvu yake siku ya 28. Ninyi mna siku 14, toa mbili za njiani, toa Jumapili mbili. Safari yangu ya pili tulimwaga lenta (boriti ya zege juu ya milango na madirisha) siku ya 5, tukavua mbao zinazoishikilia siku ya 9 kwa sababu kiongozi alishaahidi ibada ya kuweka wakfu. Ufa tuliuona kabla hatujapanda ndege. Ibada ilifanyika hivyo hivyo, na picha tulipiga upande wa pili wa jengo.

Safari iliyofanikiwa ilikuwa ile tuliyokwenda watu watano. Fundi mkuu alikuwa mwenyeji, mchoro wake, sisi vibarua wake. Msingi tuliukuta umekauka, na tulipoondoka kazi haikusimama. Kama kundi lenu liko hivyo, nenda. Kama mnakwenda na ratiba yenu mfukoni, mkeo yuko sahihi.

Nesi wa Zamu
Kwenye tiba usitishwe na damu, mtu wa foleni haioni sana. Uliza mambo mengine. Je, madaktari wenu wameombewa kibali cha muda kwa baraza la madaktari la nchi hiyo? Leseni ya kwenu haivuki mpaka. Dawa je? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa za msaada zifike zikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda. Nimeona masanduku ya dawa zilizobakiza wiki sita. Huo ni mzigo, maana mwenyeji ndiye anayebaki kutafuta pa kuziteketeza.

La kunisumbua zaidi ni magonjwa ya kudumu. Tunampima mama, shinikizo liko juu, tunampa vidonge vya siku 30. Siku ya 31? Kama hakuna zahanati ya pale pale iliyoandika jina lake, tumempa hofu tu. Mtoto wa jicho ni habari nyingine: ukimfanyia mtu upasuaji na akapata wa kumwangalia baadaye, anaona. Ndiyo maana nawapenda watu wa Mercy Ships, shirika la Kikristo la meli za hospitali, walioanza mwaka 1978. Meli yao hukaa bandarini kwa miezi, inafundisha pia wahudumu wa afya wa nchi husika, na wanaojitolea hujilipia. Wanahitaji hata wapishi na watu wa ofisi, mhasibu, sikia hilo.

Mkalimani
Naandika nikiwa upande wa wanaopokea. Nimewatafsiria wageni miaka tisa.

Kundi la watu 24 likija, kanisa la watu 80 linageuka hoteli. Mchungaji wetu haonekani kwa wagonjwa wiki mbili kabla (anatafuta vitanda, maji na magari) wala wiki moja baada ya wageni kuondoka (anarudisha vitanda). Kina mama wanapika kuanzia alfajiri. Hakuna anayelalamika, kwa sababu mgeni ni mgeni, na kwa sababu tunaogopa mwakani msaada usije. Hilo la pili hamtaambiwa na mtu, ndiyo maana naliandika hapa nisipojulikana.

Watu 6 ni nafuu kwetu. Lakini mjue hesabu ya ukalimani: somo la saa moja ni dakika 30 za mwalimu na 30 zangu. Mwaka mmoja mwalimu alileta kurasa 40 kwa siku mbili, tukaishia ya 13. Aliyetumia vizuri wiki tatu alifundisha mambo manne tu, halafu akakaa nyuma ya darasa akimwangalia mwenzetu akifundisha watoto.

Kuhusu watoto: naomba sana, msiende kituo cha yatima kwa siku tatu kubeba watoto na kupiga picha. Mnapoondoka wanalia, na sisi ndio tunaobaki nao. Halafu kundi jingine linakuja, wanabebwa tena.

Ushauri wangu kwako, ndugu mhasibu: omba uone barua ya mwaliko ya kila kundi. Siyo tangazo la kanisa lenu. Barua.

Sabato Tatu
Mtumishi Mkalimani, nakuheshimu, ila tusiwavunje watu moyo. Matendo 17 inasema Paulo alihojiana nao Thesalonike sabato tatu, na kanisa likazaliwa. Muda mfupi siyo dhambi. Mimi mwenyewe nilirudi kutoka safari ya siku 12 nikaanza kuombea nchi ile kila Jumatatu, sijaacha.

Mkalimani
Sabato Tatu, sijasema ni dhambi. Lakini Paulo aliongea Kigiriki chao, hakunihitaji mimi. Kisha akamrudisha Timotheo kwao na akawaandikia nyaraka mbili. Korintho alikaa mwaka mmoja na miezi sita. Na pale ambapo watu walipaza sauti kwa lugha yao, Kilikaonia, kule Listra, yeye na Barnaba waliitwa Herme na Zeu, na ng'ombe wa sadaka akawa ameshaletwa ndipo wakashtuka. Hiyo ndiyo safari bila mkalimani.

Maombi yako ya Jumatatu yaendelee. Hayo nayapokea.

Karani wa Safari
Mimi sina theolojia, nina makaratasi. Pasipoti ibakize miezi sita, nchi nyingi zinadai. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo usichanjwe siku ya kuondoka. Tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote, hata cha zamani. Vidonge vya kuzuia malaria haviishii uwanja wa ndege: doksisaiklini huendelea wiki nne baada ya kurudi. Bima iwe inalipia na kusafirishwa mgonjwa.

Viza ndiyo inayoangusha makundi. Viza ya utalii siyo ya kuhubiri. Nepal, kwa mfano, sheria ya jinai ya 2017 inafunga hadi miaka mitano kwa kumbadilisha mtu dini, na mgeni hufukuzwa akimaliza kifungo. Na anayesema "nia yetu ni njema" akumbuke Haiti 2010: baada ya tetemeko, Wamarekani 10 wa kundi la kanisa walikamatwa wakijaribu kuwavusha watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika bila hati. Watoto wengi walikuwa na wazazi hai.

Mgeni Njiani
Nimerudi. Nimeomba barua kama nilivyoelekezwa. Za ujenzi hakuna. Wazo lilitoka kwenye kamati yetu, wenyeji wakakubali. Tiba wana barua ya hospitali ya pale, na vibali vimeshaombwa, kwa hiyo nimeridhika nao ingawa siendi. Kundi la tatu lina barua ya kurasa mbili, na nusu ukurasa ni maswali ya watunza hazina: namna ya kuandika matoleo yanayotolewa kwa vitu badala ya fedha, nani aweke sahihi, nani akague.

Nimeandikisha jina huko. Ila barua inaomba tufike mwezi ambao shule zimefungwa, kwa sababu walimu wa Jumapili wengi ni walimu wa shule. Kamati yetu imepanga mwezi mwingine. Tiketi ni rahisi zaidi.

Mkalimani
Usilipe bado. Rudi kwa kamati na barua hiyo mkononi, muulizane huo mwezi wenu darasani atakaa nani.