Mkojo wa ng'ombe: fensi ya malisho au banda la saruji? (Njoro)

Mfugaji_Njoro: Hamjambo wadau. Kabla mvua ndefu ianze, pesa yangu inatosha kitu kimoja: fensi ya stima nigawe malisho, au banda lenye sakafu ya saruji na shimo la mkojo. Nyasi zimekuwa za manjano, ila pale ng'ombe walipokojoa ni kijani kibichi. Kumbe naitrojeni, chakula cha nyasi, ninayo, na bado nanunua mbolea ya CAN!

Chebo_Molo: Ng'ombe wangapi? Ekari ngapi? Kuna mteremko? Hujatuambia kitu.

Rongai2: Fensi. Wakilala kila usiku chini ya mti mmoja, rutuba ya shamba zima inahamia pale.

Mwalimu_Kitale: Ni kweli, lakini doa lenyewe halipungui ukali. Doa moja la mkojo hufikia kiwango cha kilo 500 hadi 1,000 za naitrojeni kwa hekta. Nyasi gani itamaliza hiyo? Yurea, yaani naitrojeni iliyo kwenye mkojo, inageuka gesi ya amonia na kupaa siku chache za kwanza; inayobaki huwa naitreti, inayoyeyuka majini, na mvua ikipiga inazama kusikofikiwa na mizizi.

Mama_Kakamega: Mimi nilijenga banda. Fundi akaniachia shimo wazi. Mvua ikalijaza, likafurika hadi kwenye nyasi zangu za nepia, na harufu ilikuwa ya kutoa machozi, ndama wakikohoa usiku kucha. Nikasema basi niutumie mkojo huo: nikaumwagia mahindi machanga saa saba mchana, bila maji. Mistari sita iliungua, nililia. Sasa nimefunika shimo, nachanganya na maji, namwaga jioni kwenye mfereji kando ya mistari na kufukia papo hapo. Mahindi yamenawiri. Ila kijana wa kukata nyasi asipokuja, ng'ombe wanalala njaa.

Bungoma_Kwetu: Nepia achana nayo mama, ugonjwa wa kudumaa ulinimalizia shamba. Panda nyasi ya brachiaria.

Chebo_Molo: Brachiaria kwa baridi ya Molo? Hapana ndugu yangu.

Bungoma_Kwetu: Nani kataja Molo? Nasema Kakamega.

Mwalimu_Kitale: Tuanzie mdomoni jamani. Protini ikizidi mahitaji ya ng'ombe, ziada inatokea kwenye mkojo. Unampa chakula cha dukani kilo ngapi?

Mfugaji_Njoro: Samahani kwa kukawia. Ng'ombe wanne, ekari tatu. Chakula nakadiria kwa mkebe, sijapima. Shamba linateremka hadi mtoni.

Mama_Kakamega: Mtoni! Na wanakunywa hapo hapo? Banda ungeliweka upande gani?