Baba anataka nifute video ya mfereji. Nifute?

Assalamu alaykum wanajukwaa. Mie binti wa Wete, Pemba, nimemaliza chuo, nipo nyumbani. Juzi alfajiri nilirikodi foleni ya maji kwetu: kinamama wamekalia madumu yao, mfereji (bomba) unatoa upepo tu. Nikairusha Facebook kwa jina langu, nikaandika "wahusika mpo?" Sikumtukana mtu.

Jioni sheha, kiongozi wa serikali hapa mtaani, kampigia baba. Hakutisha, kauliza tu "huyo mwanao ana nini?" Basi baba hata chakula hakugusa. Anataka nifute. Nikamwambia Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 18, inanipa haki ya kutoa maoni. Akanijibu: "Hicho kifungu kilikuwepo na 2001." Kaka zangu walioko Unguja wanasema nisithubutu kufuta. Radhi za baba nazitaka, na video nataka ibaki. Nifanyeje?

Mkwezi wa Karafuu: Mwanangu, mie rika la babako. Januari 27, 2001 tuliandamana kudai uchaguzi urudiwe, vijana kama nyie, tukapigwa risasi. Waliosalimika wengine walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya, wakawa wakimbizi. Kwa hiyo msituone wazee hatujui kudai haki. Usifute, ila muulize babako siku ile alikuwa wapi.

Dada Mkoani: Wazee wanasema sana tu! Barazani hawambakishi mtu, lakini kwa mafumbo, na kahawa ikimalizika kila mtu kwao, hakuna ushahidi. Wewe umeweka picha na jina la ukoo. Jina hilo ni lake pia, ati. Mie ningeificha kwanza mpaka apoe, radhi si mchezo.

Kijana wa Chake: Ukificha leo, kesho utaambiwa na simu uiuze.

Wakili wa Kijiweni: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika na huku Zanzibar. Kifungu cha 16 kinamgusa anaesambaza uongo huku akijua ni uongo. Mfereji mkavu si uongo, ila usitie chumvi: ukiandika "mwezi mzima", uwe mwezi kweli. Video asili ihifadhi. Na hao kinamama waliridhia kurikodiwa?

Muanzisha uzi: Ahsanteni. Wao ndio walioniambia "rikodi, mwanangu". Wawili wana waume wakali, hao nitawaziba nyuso. Sifuti. La kumuuliza baba habari za 2001 ndilo zito, naliogopa kuliko simu ya sheha. Nitaanza kwa mama.